"Ni Sawa na" na "Na Iwe": Historia ya Lugha ya Kuigia Mitambo

Makala haya yahusu historia ya jambo dogo, nayo ni jinsi watu walivyojifunza kuiga mwendo wa kitu kizito kilichofungwa kwenye springi. Msomaji asiudharau udogo wake. Gari juu ya magurudumu yake, daraja juu ya nguzo zake, jengo refu wakati wa tetemeko la ardhi, hata ngoma ya sikio letu, vyote vyaweza kuelezwa, kwa kadiri fulani, kwa mfano wa kitu hicho. Kwa sababu hiyo, katika vyuo vingi vya uhandisi, mwanafunzi akifunguliwa kwa mara ya kwanza programu ya kompyuta ya kuigia mitambo, huambiwa aanze na springi yenye kitu kizito, kabla ya kuingia katika mambo makubwa.

Historia hii imezoeleka kusimuliwa kama historia ya mashine, yaani kwamba palikuwa na magurudumu ya chuma, kisha taa za elektroni, kisha kompyuta, na kila moja iliipita iliyotangulia kwa wepesi. Masimulizi hayo ni ya kweli, lakini yameacha jambo moja ambalo lawahusu hasa wachunguzi wa lugha. Watu walioijenga mitambo hiyo hawakusumbuliwa tu na swali la namna ya kuhesabu upesi. Walisumbuliwa pia na swali la namna ya kusema: je, sentensi ya fizikia ni taarifa au ni amri? Msemaji wa Kiswahili hana shida kulielewa swali hili, maana sarufi yetu yatenga waziwazi "ni sawa na" na "na iwe". Nia yangu ni kuonyesha kwamba kutengana kwa semi hizo mbili ndiko kulikoiongoza historia yote ya uigaji wa mitambo, na kwamba pale zilipochanganywa madhara yake hayakubaki katika vitabu tu.

I. Vitu vitatu na sentensi moja

Tuanze na mtambo wenyewe. Tuchukue robo ya gari dogo: mzigo wa kilo 250, ambao wanafizikia huuita tungamo, umekaa juu ya springi moja. Kando ya springi hiyo pana kile ambacho mafundi wetu wa magari hukiita shokapu, yaani mrija wenye mafuta ambao kazi yake ni kuutuliza mtikisiko. Gari likiingia shimoni, springi hubanwa, kisha hulisukuma gari juu. Gari hupita mahali pake pa kutulia, springi huvutika, hulirudisha chini. Na shokapu, kwa kuyalazimisha mafuta yapite katika tundu jembamba, huila nguvu ya mwendo huo hadi utulie.

Kila kimoja kati ya vitu hivi vitatu kina tabia yake. Tabia ya springi ilitangazwa na Robert Hooke wa Uingereza kwa njia ya ajabu. Mwaka 1676 aliichapisha kwa fumbo: herufi za sentensi yake ya Kilatini alizipanga kwa mfuatano wa alfabeti, ili mtu mwingine asiweze kuisoma, na yeye mwenyewe aweze kuthibitisha baadaye kwamba ndiye aliyetangulia. Mwaka 1678 akalifumbua, na maana yake ilikuwa kwamba kani ya springi huongezeka kwa kadiri ile ile inavyovutwa. Tabia ya tungamo ilielezwa na Isaac Newton mwaka 1687, na Leonhard Euler, katika makala aliyoyawasilisha kwa Akademia ya Berlin mwaka 1750, akaiandika karibu na umbo tunalolitumia leo. Ama shokapu, tabia yake ikirahisishwa ni kwamba kani yake huongezeka kwa kadiri ya kasi: ukiisukuma polepole haikuzuii sana, ukiisukuma kwa nguvu hukataa.

Ukizikusanya tabia hizo tatu wapata sentensi moja: tungamo likizidishwa kwa mchapuko wake ni sawa na kani ya kutoka nje ikiondolewa kani ya springi na kani ya shokapu. Hiyo ndiyo modeli nzima. Yafaa tuiangalie sarufi yake kabla ya kuendelea. Sentensi hiyo haisemi kipi kitangulie na kipi kifuate, wala haisemi kipi ni sababu na kipi ni matokeo. Yasema tu kwamba, wakati wowote utakapotazama, pande mbili hizi zitakuwa sawa. Ni taarifa.

II. Taarifa yageuzwa amri

Lakini mwenye gari hataki taarifa, ataka kujua gari litakuwa wapi baada ya nusu sekunde. Njia nyepesi ya kumjibu ilielezwa na Euler huyo huyo katika kitabu chake cha mwaka 1768, nayo ni kwenda hatua kwa hatua.

Tuseme springi ya gari letu ina ukakamavu wa nyutoni 16,000 kwa kila mita. Gari limesogezwa sentimita 10 kutoka mahali pake, kisha likaachwa. Wakati huo springi yalivuta kwa nyutoni 1,600, na ukigawanya kwa kilo 250 wapata mchapuko wa mita 6.4 kwa sekunde katika kila sekunde. Baada ya sehemu moja ya mia ya sekunde, kasi itakuwa sentimita 6.4 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo utatafuta mahali papya, kwa mahali papya utatafuta kani mpya, na kwa kani mpya utatafuta kasi nyingine. Hivyo ndivyo mtu mwenye kalamu, karatasi na subira aendavyo, na hivyo ndivyo kompyuta iendavyo hata leo, ila kwa upesi zaidi.

Hapa sarufi imekwisha kugeuka. Hatusemi tena kwamba kitu fulani ni sawa na kingine. Twasema: kasi mpya na iwe kasi ya zamani ikijumlishwa na mchapuko ulizidishwa kwa muda. Hii ni amri, na amri zina mpangilio, kwa kuwa aliyeanza na ya pili kabla ya ya kwanza atapata jibu jingine.

Isitoshe, tafsiri hii ya taarifa kuwa amri si kamilifu. Tuiondoe shokapu kwa muda. Gari lisilo na kitu cha kulituliza lapaswa kwenda juu na chini sentimita 10 bila kukoma, mara 1.27 hivi katika kila sekunde. Mtu akiifuata kanuni ya Euler kwa hatua za sehemu moja ya mia ya sekunde, ataona kwamba baada ya sekunde moja tu mtikisiko umefikia karibu sentimita 14, na waendelea kukua. Hapana aliyelisukuma gari. Nguvu hiyo haimo katika springi wala katika tungamo, imezaliwa na tafsiri. Akizifupisha hatua ziwe za sehemu moja ya elfu, kosa hupungua, na baada ya sekunde hiyo mtikisiko huwa sentimita 10.3. Carl Runge mwaka 1895 na Wilhelm Kutta mwaka 1901 walionyesha njia bora za kupiga hatua, na programu nyingi za leo zatumia njia za ukoo huo.

Jambo la kutisha zaidi ni kwamba kosa hili laweza kujificha. Turudishe shokapu, na tuipe kipimo cha nyutoni 1,000 kwa kila mita moja ya kasi. Kwa kweli gari hilo litatulia upesi, na kila mtikisiko utakuwa karibu moja ya tano ya ule uliotangulia. Katika hesabu za hatua ndefu gari litatulia pia, ila kwa uvivu kidogo kuliko inavyopasa. Mtazamaji ataona mchoro mzuri unaoshuka, naye atatosheka, ilhali shokapu aliyoiiga si ile aliyoiandika.

III. Magurudumu yanayojibu

Katika karne ya kumi na tisa palitokea njia nyingine ya kuijibu sentensi ile bila kuigeuza kuwa hatua. James Thomson alibuni kifaa chenye kisahani kinachozunguka, mpira uliokaa juu yake, na silinda inayozungushwa na mpira huo. Mpira ukiwa katikati ya kisahani, silinda haizunguki. Ukisogezwa ukingoni, silinda huzunguka kwa kasi. Hivyo silinda hukusanya kidogo kidogo, bila kukatiza, kila inacholetewa. Kifaa kimoja chaweza kuukusanya mchapuko uwe kasi, na cha pili kikaikusanya kasi iwe umbali.

Mwaka 1876 ndugu yake, William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, aliona kwamba jibu la kifaa cha mwisho laweza kurudishwa kwenye mlango wa kifaa cha kwanza. Ukifanya hivyo, mashine hailetewi tena mchapuko kutoka nje, bali hulazimika kuzunguka kwa namna pekee inayoutimiza mlinganyo. Wazo lilikuwa kamili, lakini chuma hakikuliweza. Silinda iliyozungushwa kwa msuguano mdogo wa mpira haikuwa na nguvu ya kukiendesha kifaa kingine.

Ilipita zaidi ya nusu karne. Katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, Marekani, Vannevar Bush na wenzake waliweka baina ya vifaa hivyo mtambo wa kuongeza nguvu ya mzunguko, na mwaka 1931 Bush akaieleza katika maandishi mashine yenye vikusanyaji sita iliyojaza chumba. Douglas Hartree wa Manchester alikwenda kuiona, kisha mwaka 1934 yeye na mwanafunzi wake Arthur Porter wakajenga mfano wake kwa vipande vya Meccano, ambavyo ni vifaa vya watoto vya kuchezea. Mfano huo haukuwa mchezo, kwani ulifanya hesabu za kweli za fizikia, na ukawaonyesha wenye mali kwamba mashine kubwa yafaa kujengwa.

Kwa mchunguzi wa lugha, jambo la kupendeza katika mashine hizi ni kwamba hazikuambiwa "kwanza" wala "kisha". Fito zote zilizunguka kwa pamoja. Katika jambo hili zilikaribia tena taarifa ya mwanzo, na kosa la hatua ndefu halikuwamo. Hata hivyo hazikuwa huru kabisa, maana kila kikusanyaji kilikuwa na mahali pa kuingilia na mahali pa kutokea. Mwenye mashine ilimpasa aamue kwanza kani itoke wapi na iende wapi, jambo ambalo sentensi ya fizikia haikulisema.

IV. Tafsiri mbili za springi

Wakati huo huo palikuwa na watu waliotambua kwamba mitambo ya chuma na nyaya za umeme hufuata milinganyo ya umbo moja. Badala ya kujenga springi, mtu aweza kujenga saketi ya umeme na kupima volti zake. Lakini mara hiyo likazuka swali ambalo kila mfasiri alijua: springi ni nini kwa lugha ya umeme?

Jibu la zamani lilikuwa kwamba kani ni volti na kasi ni mkondo. Kwa tafsiri hiyo tungamo huwa koili, springi huwa kapasita, na shokapu huwa rezista. Neno kwa neno, tafsiri hiyo yaridhisha, kwa sababu kani husukuma na volti husukuma. Ila ina kasoro moja, nayo ni kwamba huuvuruga mpangilio. Vitu vilivyokaa sambamba katika mtambo, kama springi na shokapu yake, katika saketi hugeuka kuwa vya mfululizo, na vya mfululizo hugeuka kuwa vya sambamba. Mtu hawezi kuuangalia mtambo na kuichora saketi moja kwa moja.

Mwaka 1933 Floyd Firestone wa Marekani alipendekeza tafsiri nyingine: kani iwe mkondo, na kasi iwe volti. Tungamo sasa ni kapasita, na springi ni koili. Neno kwa neno, tafsiri hii huonekana ngeni, lakini huuhifadhi mpangilio, na kilichokuwa sambamba hubaki sambamba. Hapa pana ubishi ule ule uliopo baina ya wafasiri wa vitabu, wale wanaolinda neno na wale wanaolinda muundo wa sentensi. Wahandisi hawakuumaliza. Mpaka leo tafsiri zote mbili zatumika, na anayesoma kitabu cha fani hiyo hana budi kuuliza kwanza mwandishi ameshika ipi.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, uigaji kwa umeme ulienea sana. Kikuza-umeme cha kufanyia hesabu kilipewa jina lake la Kiingereza katika makala ya John Ragazzini na wenzake ya mwaka 1947, na mwaka 1952 kampuni ya George Philbrick ilikuwa ikiviuza vikiwa tayari, vya kuchomekwa kama taa. Mhandisi alikaa mbele ya ubao wenye matundu mengi, akaunganisha nyaya, akazungusha vifundo vya kubadilisha ukakamavu wa springi, na mchoro ukajibu hapo hapo. Alilazimika kuchagua vipimo ili volti zisipite kiasi ambacho mashine yaweza kubeba, na kwa hiyo alihitaji kukadiria jibu kabla ya kulipata. Wengi waliofanya kazi hiyo waliikumbuka baadaye kama shule njema, kwani haikumruhusu mtu aulize bila kufikiri.

V. Alama moja, maana mbili

Kompyuta za tarakimu zilipokuja, ziliirudisha ile njia ya Euler ya hatua kwa hatua, na pamoja nayo ikarudi amri. Hapa twaingia katika kisa cha alama ndogo. Alama ya usawa, yaani vistari viwili sambamba, ilianza kuchapishwa katika kitabu cha Robert Recorde mwaka 1557, naye aliichagua kwa sababu aliona hapana vitu viwili vilivyo sawa kuliko vistari hivyo. Kwa miaka 400 ilikuwa na maana ya "ni sawa na". Lugha ya kompyuta iitwayo Fortran, iliyotolewa mwaka 1957, iliitwaa alama hiyo na kuipa maana ya "na iwe". Tangu hapo mwanafunzi ameweza kuandika kwamba X yalingana na X ikijumlishwa moja, maneno ambayo katika hesabu ni upuuzi, na katika Fortran ni amri halali. Waliotunga lugha ya Algol walikwepa jambo hili kwa kuweka nukta mbili kabla ya alama hiyo, lakini mazoea ya Fortran yalishinda katika lugha nyingi zilizofuata.

Uigaji wa mitambo uliingia katika mkanganyo huo. Mwaka 1955 R. G. Selfridge alieleza programu iliyoifanya kompyuta ya tarakimu ijifanye kuwa mashine ya kukusanya ya namna ile ya Bush. Programu za jinsi hiyo zikaongezeka, na mwaka 1967 kamati ya wataalamu wa uigaji huko Marekani ikatoa mwongozo wa lugha moja ya pamoja. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1990, zikaenea programu za michoro kama Simulink, ambazo humwezesha mtu kuchora visanduku na mishale. Kisanduku kimoja hugawanya kani kwa tungamo, cha pili hukusanya mchapuko uwe kasi, cha tatu hukusanya kasi iwe umbali, na mishale miwili hurudi nyuma kupitia shokapu na springi. Mtu akimaliza kuchora hubonyeza kitufe, na gari hutikisika. Mtazamaji aliyemjua Kelvin angeitambua kazi yake mara moja.

Mchoro huo ni mzuri, lakini kila mshale ni "na iwe". Kwa tungamo moja hapana taabu. Tuchukue sasa springi mbili zilizounganishwa ncha kwa ncha, pasipo tungamo katikati. Mahali pa kiungo hutegemea kani, na kani hutegemea mahali pa kiungo; mshale wazunguka na kujirudia, kama swali la yai na kuku. Kwa lugha ya taarifa hapana fumbo, maana kani ya springi ya kwanza ni sawa na kani ya springi ya pili, basi. Kwa lugha ya amri, mtu hana budi kukaa chini na kutatua mlinganyo kwa mkono kabla ya kuchora. Tena akiongeza kipande kimoja, hulazimika kuyaanza yote upya.

Aliyelitoa shauri la kuirudia taarifa ni Hilding Elmqvist wa Sweden. Katika tasnifu yake ya mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Lund, alitunga lugha iitwayo Dymola, ambamo mtu huandika milinganyo ya kila kipande kama ilivyo katika fizikia, na kazi ya kuipanga kuwa amri huachiwa kompyuta. Kazi hiyo si nyepesi. Kwa mfano, matungamo mawili yakikazwa pamoja kwa boliti, kila moja lataka kuuhesabu mchapuko wake, ilhali hayana ruhusa ya kutofautiana. Njia ya kuyafumbua matatizo ya aina hiyo ilielezwa na Constantinos Pantelides mwaka 1988. Mwaka 1997 ikatolewa toleo la kwanza la lugha ya Modelica, iliyotungwa na wataalamu kutoka nchi mbalimbali kwa misingi hiyo.

Leo mtu anayeiunda robo ya gari letu kwa lugha ya namna hii hachori mishale. Huchukua tungamo, springi na shokapu kutoka ghalani, akaviunganisha kama fundi aviunganishavyo. Kila kiungo huleta taarifa mbili tu: kwamba ncha zilizokutana zipo mahali pamoja, na kwamba kani zinazokutana hapo jumla yake ni sifuri. Springi haijui kama ndiyo isukumayo au ndiyo isukumwayo. Ilichukua miaka mingi na mashine nyingi kuirudia sentensi ya Euler ya mwaka 1750 na kuiacha iseme kama ilivyokusudiwa.

VI. Kilichoachwa nje ya sentensi

Msomaji aweza kudhani kwamba hapo historia imefika mwisho mwema. Lakini taarifa, hata iwe sahihi namna gani, hainenei kile ambacho hakikutiwa ndani yake. Ushahidi wake ni daraja la waenda kwa miguu lililofunguliwa London tarehe 10 Juni 2000, lenye urefu wa mita 325, ambalo huvuka mto Thames karibu na Kanisa la Mtakatifu Paulo. Siku ya kwanza lilivukwa na watu baina ya 80,000 na 100,000, nalo likayumba kando kando hata watu wakashika vyuma vya pembeni. Baada ya siku mbili likafungwa.

Wahandisi wake hawakuwa wajinga, na hesabu zao za tungamo na springi zilikuwa sawa. Katika modeli walimweka mtu anayetembea upande wa "kani ya kutoka nje". Mtu hupiga hatua mbili hivi kwa sekunde, na kwa kuwa mguu wa kulia na wa kushoto husukuma pande tofauti, msukumo wake wa kando hurudi mara moja kwa sekunde. Watu wengi wasiopatana hatua husukumana na kufutana, basi hapana hatari. Lakini daraja lilikuwa na mitikisiko yake ya asili ya kando iliyo kati ya nusu moja na mara moja kwa sekunde. Lilipoanza kusogea kidogo, kila mtembeaji, bila kukusudia, alitanua miguu na kuuweka mwili wake sawa na mwendo wa daraja. Kani yake haikuwa tena ya kutoka nje, bali ilifuata kasi ya daraja lenyewe.

Kani inayofuata kasi twaijua: ni ya shokapu. Ila hii ilikuwa shokapu iliyogeuzwa, inayoongeza mtikisiko badala ya kuula. Majaribio ya wahandisi hao yalionyesha kwamba kila mtembeaji alikuwa sawa na shokapu hasi ya nyutoni 300 hivi kwa kila mita moja ya kasi. Kwa mfano wa hesabu tu, turudi kwenye gari letu lenye shokapu ya 1,000. Watatu wa namna hiyo huiacha na 100, nalo bado litatulia. Akija wa nne, shokapu huwa hasi 200, na mtikisiko hukua. Kwa hiyo daraja halikuyumba kidogo kidogo kadiri watu walivyoongezeka, bali lilitulia hadi idadi fulani, kisha likaanza ghafula. Katika jaribio moja la kutembeza watu, kikomo hicho kilikuwa karibu na watu 160.

Lililo zito zaidi ni kwamba jambo hili lilikuwa limekwisha kuandikwa. Mwaka 1993 Yozo Fujino na wenzake wa Japani walichapisha habari za daraja la watembeaji lililoyumba kando kwa sababu hiyo hiyo. Waliichapisha katika jarida la uhandisi wa matetemeko ya ardhi, na kanuni za kujengea madaraja hazikuitia ndani. Maarifa yalikuwapo, lakini hayakuwa katika sentensi ya watu walioyahitaji. Daraja la London lilitiwa vitulizi 37 vya mafuta na vingine 52 vya uzito uliopimwa, likafunguliwa tena Februari 2002.

VII. Hitimisho

Yatupasa nini sisi tunaoshughulikia Kiswahili? Katika istilahi kazi kubwa imekwisha kufanywa. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, na maneno kama kani, tungamo na mchapuko hayamshangazi tena msomaji wa vitabu vya sayansi. Lakini kamusi hutupa majina, na historia tuliyoipitia yaonyesha kwamba tatizo la uigaji halikuwa katika majina. Hooke na Elmqvist waliizungumzia springi ile ile. Lililobadilika ni kitenzi.

Kwa hiyo napendekeza kwamba walimu na waandishi wa vitabu vya Kiswahili vya hesabu na kompyuta wasiisome alama ya usawa kwa namna moja kila mahali. Ikiwa ni mlinganyo, isomwe "ni sawa na". Ikiwa ni amri kwa kompyuta, isomwe "na iwe". Mwanafunzi aliyezoea hivyo hatashangaa kuambiwa kwamba X na iwe X ikijumlishwa moja, na akiona mshale katika mchoro wa visanduku atajua ni uamuzi wa mchoraji, si sheria ya maumbile. Neno la kumsaidia analo tangu nyumbani kwao, halihitaji kuundwa.

Na kuhusu neno modeli lenyewe, wengine hupendelea mfano, wengine kielelezo. Sitaki kuamua ugomvi huo hapa. Nitasema tu kwamba neno mfano lina faida moja, nayo ni kutukumbusha kwamba kitu hufanana na kingine kwa upande fulani na kutofautiana nacho kwa upande mwingine. Mwenye kuunda modeli ya daraja, ya gari au ya kitu cho chote kitakachobeba watu, aandike kando ya milinganyo yake, kwa lugha inayosomwa na wale watakaokitumia, orodha ya yale aliyoyaacha nje. Kompyuta haiwezi kumwandikia orodha hiyo, kwa kuwa haijui ila kile ilichoambiwa.